Punje za Moyo wa Hamisa

Ugonjwa wa Hamisa ulisikika kabla ya kuonekana, na aliyeusikia wa kwanza ni mama mkwe wake, kwenye kinu.

Tangu Hamisa aletwe Kwaluguru kutoka kwao Kang'ata, yeye na mama mkwe huyo, Zamda, walitwanga pamoja kila asubuhi, kinu kimoja na michi miwili. Mmoja anashusha, mwenzake anainua, du na du, na anayekosa zamu anagonganisha michi na kuchekwa. Zamda alikuwa na sikio la kinu. Akiwa ndani anachambua mboga aliweza kukwambia kwa jirani wanatwanga wangapi, na yupi kati yao ameamka na hasira. Kwake kila mshindo ulikuwa na mwenyewe. Ukisikia miwili, basi ni watu wawili. Hilo halikuwa jambo la kufikiria, kama vile mtu hafikirii namna ya kumeza mate.

Asubuhi hiyo mshindo wa Hamisa ulichelewa. Ikaja miwili kwa pupa, kisha ukachelewa tena. Zamda akainua macho akitaka kumtania kwamba anamuota mume mchana, kisha akauacha utani. Midomo ya binti ilikuwa imeiva rangi ya zambarau, na mshipa wa shingo ulikuwa unarukaruka ovyo kama mkia wa mjusi uliokatika.

"Mwanangu, kaa chini."

"Sijachoka, mama. Moyo tu unanienda mbio."

"Kaa chini, nimesema."

Hamisa akakaa. Ndivyo alivyolelewa: mbele ya mama wa mume hakuna "sitaki" na hakuna "hapana". Watu waliisifu sana adabu ile, na Zamda mwenyewe alijivunia. Laiti ingepungua kidogo, hadithi hii isingekuwepo.

Mume, Muhidini, hakuwapo. Ilikuwa miaka ile Wajerumani wanavuta reli kutoka Mombo kwenda Moshi, na vijiji vya Uzigua vilitakiwa kutoa wanaume kama vinavyotoa kodi. Alichukuliwa kwenda kupasua mawe huko Upareni. Siku ya kuondoka alimshika mamake mkono akasema, "Mama, nakuachia mke wangu. Nikirudi nimkute." Zamda akajibu, "Utamkuta." Neno dogo kama hilo mtu hulitamka bila kulipima, kisha likamkalia kifuani mwaka mzima.

Hamisa alizidi kudhoofika. Akipanda kutoka kisimani alisimama mara kwa mara kuvuta pumzi. Akilala chali alikabwa, kwa hiyo alilala amekaa, mgongo ukutani. Mganga wa karibu akaja, akafukiza, akachanja, akala kuku mweusi wa watu, akaenda zake. Kisimani nako wanawake wakaanza kunong'ona kwamba Zamda anamla mkwe wake. Mumewe Zamda alikufa ghafla mwaka wa njaa, na watu wa aina ile hawahitaji ushahidi wa pili. Zamda alisikia yote. Alibeba mtungi wake akapita katikati yao bila kugeuka, lakini yalimuuma, tena sana.

Aliyeleta habari za Korogwe ni Semboja, kaka yake Hamisa. Alikuwa amefanya kibarua kwenye mashamba ya mkonge, na huko alimwona mganga wa Kijerumani anayesikiliza moyo wa mtu kama mtu anayetega sikio kwenye mlango uliofungwa. Basi Semboja na mwenzake wakamlaza Hamisa kwenye machela, wakaibeba mabegani, na Zamda nyuma na kikapu. Boma la Handeni walilipita kwa mbali, kwa kunyata, maana askari wakiona wanaume wawili wenye mabega hawaulizi wamembeba nani. Njia nzima Zamda alitembea mkono wake umeshika ukingo wa machela. Walivuka daraja la miti pale Korogwe ya zamani, mto unapita chini kwa hasira zake, wakafika kwenye nyumba ya mabati ng'ambo, miguu imewavimba.

Daktari yule watu walimwita Bwana Saa, kwa sababu hakumgusa mtu kabla hajatoa saa yake mfukoni. Mkalimani wake alikuwa kijana wa Kishambaa, Simeo, Mkristo aliyesoma shule ya misheni huko milimani, kanzu yake nyeupe pe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwanangu huyu anakufa, mwambie bwana mganga asikawie."

Bwana Saa hakukawia. Alitia mirija ya kusikilizia masikioni, akaiweka ncha yake kifuani pa Hamisa, na Simeo akashika kifundo cha mkono wa binti, saa ikiwa mezani kati yao. Wote wawili wakahesabu kimya. Walipomaliza, kila mmoja alisema hesabu yake, na ya kifuani ilikuwa kubwa kuliko ya mkononi kwa mbali. Zamda akauliza kama mmoja wao amekosea hesabu.

"Hapana, mama," Simeo akasema. "Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Moyo unapiga ovyo, na mapigo mengine ni dhaifu, hayafiki mkononi. Yanaishia njiani."

Kisha kikatolewa kijimashine cha chuma, kidogo, kikafungwa kwenye mkono wa Hamisa kwa ukanda. Simeo aliishika karatasi juu ya moshi wa taa mpaka ikawa nyeusi kama sufuria, akaipitisha chini ya kijiti chembamba kilichokuwa kinatetemeka. Kijiti kile kiliandika. Pigo likija kilipanda, likipita kilishuka, na mstari mweupe ukabaki kwenye weusi. Simeo alikuwa amejifunga yeye mwenyewe kwanza, ili Zamda aone: vilima vyake vilikuja sawasawa kama matuta ya mkulima mwenye bidii. Vya Hamisa vilikuwa shamba lililolimwa na mlevi. Kimoja kikubwa, viwili vidogo vimebanana, bonde, kingine juu ya kisogo cha mwenzake.

Bwana Saa aliitazama karatasi muda mrefu, akauliza kama utotoni binti aliwahi kuvimba magoti.

"Nilivimba," Hamisa akasema kwa sauti ndogo. "Magoti, halafu viwiko. Nililala mpaka mavuno."

"Basi homa ile iliingia mpaka moyoni," Simeo akatafsiri. "Moyo una milango ndani yake, mama, kama nyumba, inafunguka na kufungwa damu inapopita. Wa huyu mlango mmoja umekakamaa. Bwana anasema hatapona. Ila moyo unaweza kutulizwa, na ukitulia ataishi."

Zamda alilisikia lile "hatapona" likipita, akaling'ang'ania lile la mwisho. Ataishi. Hakutaka zaidi ya hapo.

Dawa ilikuwa chupa ya maji ya kahawia, yamekamuliwa kutoka jani la huko Ulaya. Matone machache kwenye maji, asubuhi, mchana na jioni. Lakini Bwana Saa aliinua kidole, na uso wake ukawa mkali. Dawa ile inajilundika mwilini. Kwa kiasi chake inautuliza moyo. Ikizidi inaupoza mpaka usimame. Angependa mgonjwa akae pale, aangaliwe kila siku, lakini wodi ilikuwa moja tu, ya vibarua wa mashamba, wanaume watupu, hakuna pa kumlaza mwanamke. Kwa hiyo mtu wa nyumbani lazima aupime moyo kila asubuhi kabla ya tone la kwanza.

Zamda hakuwa na saa. Bwana Saa akampa kidude cha kioo, vichupa viwili vilivyounganishwa mdomo kwa mdomo, mchanga unatiririka kutoka cha juu kwenda cha chini. Simeo naye akachota mahindi kwenye gunia la jikoni, akahesabu punje thelathini, akazifunga kwenye pindo la kaniki ya Zamda.

Sasa likaja lile neno. Daktari alisema kwa Kijerumani neno fupi, *Puls*. Kwa vibarua wa mkonge Simeo alilitafsiri kila siku "mshipa", basi. Lakini mbele yake alikaa mama mtu mzima, amefanana na mamake mzazi, na Simeo akataka kumpa Kiswahili cha heshima, kilichonyooka.

"Kila asubuhi, mama, utahesabu mapigo ya moyo."

Akamshika Hamisa kifundo cha mkono, akamwonyesha pa kuweka vidole. Kila pigo, punje moja idondoke kwenye ungo. Punje zikiisha na mchanga bado unatiririka, moyo una nguvu, mpe dawa. Mchanga ukiisha na punje zimebaki kiganjani, moyo umepoa, siku hiyo asiguse dawa hata tone. Na mgonjwa asijihesabu mwenyewe, maana mwenye moyo akianza kujipima hofu inauchochea, hesabu inaharibika.

Zamda alijaribu pale pale, mara nyingi, mpaka Simeo akaridhika na Bwana Saa akatikisa kichwa kukubali. Hakukosea. Hilo lisemwe wazi, maana baadaye watu walisema mwanamke wa shamba angejuaje mambo yale. Aliyajua.

Wakarudi Kwaluguru, na kweli moyo ulitulia. Asubuhi nyingine punje ziliisha mapema, Zamda akatia dawa; asubuhi nyingine zilibaki tatu au nne, akaiacha chupa kwenye kona yake. Hamisa akaanza kulala amelala. Midomo ikarudi rangi yake. Siku moja akaomba mchi, na Zamda akamkubalia kidogo tu, kwa kujifanya anakasirika. Du na du. Zamda alitwanga akilia, akasingizia moshi.

"Mama, moshi gani na jiko limezimika?"

"Nyamaza utwange."

Wakacheka mpaka wakaacha michi. Kule kisimani minong'ono ikapoa, na mmoja wa wale wanawake akaja hata kuomba aone kile kioo cha mchanga. Zamda akamwonyesha kwa mbali, kama anavyoonyeshwa mtoto kitu asichoruhusiwa kushika.

Masika yakaingia kwa fujo. Siku moja Hamisa alikuwa akiipua chungu cha uji, kizunguzungu kikampata, chungu kikainama kuelekea mapajani pake. Zamda hakutafuta kitambaa. Alikidaka kwa mikono mitupu, akakiweka chini, uji wote salama na Hamisa salama. Ncha za vidole vyake zikababuka zote. Zilipopona ziliacha ngozi mpya, nene, inayong'aa, isiyosikia kitu. Hata unga na mchanga hakuweza kuvitofautisha kwa kugusa.

Asubuhi ya kupima tena, baada ya siku chache alizoiacha dawa kwa kuwa hakuweza kupima, aliweka vidole vile kwenye mkono wa Hamisa, akangoja. Hakuna. Akabonyeza, akasogeza. Hakuna kitu. Angemwita nani? Wanawake wa kisimani waje kushika mkono wa mkwe wake na kwenda kutangaza? Semboja alikuwa ameshakamatwa kupelekwa kazi ya kujenga barabara. Akakaa amejishika tama, akawaza, na mawazo yake yalikuwa sawasawa kabisa, ndilo linaloumiza. Simeo alisema nini? Mapigo ya moyo. Na moyo uko wapi? Na kule Korogwe, je, si kifuani ndiko Bwana Saa mwenyewe alikosikiliza, na si walisema mkononi mapigo mengine hayafiki? Kumbe siku zote hizo alikuwa amesimama mlangoni wakati mwenye nyumba yumo ndani.

"Funua kifua, mwanangu."

Hamisa aliona haya hata masikio yakamtoka jasho. Kumfunulia mama mkwe kifua! Zamda akamwambia afumbe macho ajifanye yuko kwa mamake. Akageuza kioo, akalaza sikio lake chini ya titi la kushoto, kiganja cha punje juu ya ungo.

Du-du. Du-du. Du-du.

Alisikia vizuri kuliko alivyowahi kuhisi kwa vidole, na kwa sikio lake la kinu kila mshindo ulikuwa na punje yake. Du, punje. Du, punje. Punje zikaisha na mchanga umepita nusu kidogo tu. Zamda akainuka upesi. Moyo ulikuwa unakimbia tena, na yeye alikuwa amejikalia tu akiuguza vidole! Akadondosha matone kwenye maji haraka haraka, Hamisa akanywa.

Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Hakuna tena asubuhi ya punje kubaki. Kila siku ziliisha, kila siku dawa ilitolewa, asubuhi, mchana na jioni. Mto huko Korogwe ulikuwa umelichukua daraja, watu wanaotoka Handeni wanarudia njiani. Zamda akaona jambo moja tu: ugonjwa umerudi na nguvu mpya, na kati ya Hamisa na kaburi kimebaki kile kichupa cha kahawia.

Hamisa akaacha kula. Akila, anatapika. Mchana mmoja aliutazama ugali mbele yake, akausukuma kidogo.

"Mama, umetia manjano?"

"Manjano kwenye ugali, mwanangu?"

"Naona ni wa manjano. Na ukuta pia. Na mikono yako."

Zamda akajitazama mikono. Ilikuwa mikono tu, na makovu yake. Akamkumbatia binti, akamwambia ni njaa, ni homa, ni mvua hizi. Jioni akampa dawa.

Siku chache baadaye Hamisa alisema jambo. Alilisema akitazama chini, akichezea ukindu wa mkeka, kama mtu anayeomba msamaha.

"Mama, mimi naona kama moyo wangu unakwenda polepole. Unapiga, halafu unakaa. Nangoja mpaka naogopa."

Zamda aliacha alichokuwa anafanya. Kwa kitambo kidogo, kidogo sana, alikuwa karibu na ukweli. Kisha akakumbuka kwamba mwenye moyo hatakiwi kujihesabu.

"Ni hofu hiyo, mwanangu. Asubuhi nimepima kwa sikio langu. Punje ziliisha kabla ya mchanga. Punje hazina hofu."

Hamisa angeweza kusema, mama, sitaki. Binti mwingine angesema. Angeifumba midomo, angemwaga maji yale nyuma ya nyumba. Yeye alisema, "Ndiyo, mama," akanyoosha mkono kupokea kikombe.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka safi. Hamisa hakuamka vizuri. Alifumbua macho, akamtabasamia mkwewe, akayafumba tena. Zamda akamfunua kifua, akageuza kioo, akalaza sikio.

Du-du.

Akadondosha punje mbili. Akangoja.

Du-du.

Mbili tena. Akangoja zaidi. Nje kwa jirani walikuwa wanatwanga, akawalaani kimoyomoyo kwa kumchanganya. Du-du. Kisha kimya kirefu. Jicho lake lilikuwa kwenye mchanga, na mchanga ukapita wote, chembe ya mwisho ikaanguka, na kiganjani mwake punje zilikuwa zimebaki, nyingi, zaidi ya nusu. Kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze! Furaha ikampanda mpaka machoni. Moyo umetulia, dawa imefanya kazi, leo binti atapumzika.

"Mwanangu! Leo hakuna dawa!" akasema, akainua kichwa kumwonyesha kiganja.

Hamisa alikuwa ameshakwenda.

Walimzika siku hiyo hiyo, baada ya adhuhuri. Wanawake wa kisimani walikuja, wakalia kwa sauti, na walipokuwa wanalia walikuwa wanamtazama Zamda. Mmoja alisema, si kwa kunong'ona, kwamba mtu humlaza mkwe wake na kumnyonya kwa mdomo kifuani kila asubuhi, yeye mwenyewe amechungulia akaona. Zamda akasimama kati ya msiba. Akaapa kwa jina la Mungu kwamba hakumfanyia mtoto yule chochote ila kumtunza. Aliapa akiamini kila neno.

Maji yalipopungua na mtumbwi ukaanza kuvusha watu Korogwe, alifunga safari peke yake. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, kioo kile kilikuwa amana, na amana hurudishwa. La pili lilikuwa zito zaidi: habari zilifika kwamba wanaume wa Handeni waliokuwa Upareni wamemaliza muda wao, watashushwa na treni Korogwe. Muhidini alikuwa hajui. Zamda alitaka ayasikie kwa mamake, asije akayapokea njiani kutoka midomo ya wale wa kisimani.

Bwana Saa alikuwa ameitwa kwenye mashamba. Simeo alikuwapo. Alimpokea vizuri, akampa pole, akamkalisha. Kisha, kwa sababu kazi ya Bwana Saa ilikuwa imemwingia damuni, akauliza yalivyokwenda mwishoni. Zamda akamweleza. Kutapika. Manjano. Simeo akakoma kutikisa kichwa.

"Na punje, mama?"

"Ziliisha kila siku. Kabla ya mchanga."

"Haiwezekani." Alilisema kabla hajajizuia. "Mtu akiona manjano ni dawa imemzidi, moyo umepoa. Punje zingebaki. Ulihesabu wapi?"

"Moyoni. Kama ulivyoniambia." Akamwonyesha vidole vyake. "Hivi havisikii tena. Nikaweka sikio."

Simeo alivitazama vidole vile. Akainuka, akaleta ile mirija, akamtia Zamda masikioni, na ncha yake akamwomba aiweke mwenyewe kifuani pake, ndani ya nguo. Zamda akasikia moyo wake. Du-du, du-du, sawasawa, wa mtu mzima mwenye afya. Simeo akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, na kwa mkono wake mwingine akawa anagonga meza kila mshipa ulipopiga.

Du-du, na meza ikagongwa mara moja.

Du-du. Mara moja.

"Unakosa," Zamda akasema. "Gonga zote."

"Sikosi, mama. Nagonga kila pigo."

"Ni mawili haya. Ninayasikia, ni mawili!"

"Ni moja." Sauti ya Simeo ilikuwa imeshuka. "Ile milango niliyokwambia, ya moyo. Inafungwa kwa zamu, ya kwanza halafu ya pili, ndiyo sauti mbili unazosikia. Mkononi inafika moja. Ni pigo moja, mama."

Zamda aliendelea kusikiliza. Hakuitoa mirija. Simeo akaendelea kugonga kwa sababu hakujua la kufanya lingine, na kila alipogonga, asubuhi moja ya masika ilirudi, na punje zake, na kikombe, na "ndiyo, mama".

"Ningesema mshipa," Simeo akasema mwisho. "Kwa wote nasema mshipa. Kwako nilisema moyo."

Alikuwa anataka neno la msamaha kwa mama yule, na ilionekana usoni. Zamda hakuwa nalo la kumpa. Alitoa mirija masikioni, akafungua pindo la kaniki, akamwaga punje mezani, akaweka kile kioo kando yake, akaaga.

Hadi stesheni si mbali. Njiani alifikiri, na alikuwa na nafasi ya kufikiri lolote. Anayejua ni Simeo, na Simeo hafiki Kwaluguru. Muhidini angeambiwa mke alikufa kwa moyo, na hakuna ambaye angesema ni uongo. Wale wa kisimani wangesema uchawi, na Muhidini angemtetea mamake mpaka mwisho wa maisha yake. Angemtetea! Hilo ndilo lililomfanya asimame katikati ya njia na kushika mti.

Treni ilishusha wanaume weusi kwa vumbi, wembamba, wakiitana. Muhidini alimwona mamake kabla mamake hajamwona. Alikuja mbio, anacheka, amekumbatia kifurushi cha nguo ya kike, na macho yake yakapita juu ya kichwa cha Zamda kutafuta nyuma yake. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Akaitazama kaniki ya msiba. Kicheko kikabaki usoni peke yake kidogo, kisha kikaondoka.

"Mama?"

Zamda akatikisa kichwa. Muhidini akaangusha kifurushi, akamshika mamake kwa nguvu kama mtu anayezama, akalia waziwazi mbele ya watu. Zamda alikuwa mfupi. Sikio lake lilifika kifuani kwa mwanawe, likabanwa pale, na akausikia moyo ule unavyopiga.

"Moja," akasema. "Moja. Moja."

"Mama, unahesabu nini?"

Akamwambia.